Mfuko wa Upande Mmoja

Marcelino aliteremka kutoka Mahenge akiwa kijana, akavuka mto Kilombero kwa pantoni na kwenda kuomba kazi kwenye mashamba ya miwa. Kama mgeni mwingine yeyote, alipewa panga. Akakata miwa msimu mzima huku macho yake yakiwa kwenye matrekta yanayovuta matela, na jioni wenzake wakienda kunywa ugimbi yeye alikwenda kukaa karibu na madereva, akawasikiliza wakizungumza habari za gia na breki. Mwishowe mmoja akamwonea huruma, akamfundisha. Tangu siku hiyo hadi anaota mvi, Marcelino hakufanya kazi nyingine isipokuwa kushika usukani.

Mkewe alimpata huko huko. Balbina alikuwa Mndamba wa kijiji cha Mbingu, akiuza vitumbua vya mchele nje ya geti la kiwanda. Alikuwa anaweza kumcheka mteja mpaka mteja naye ajicheke, akanunua na cha ziada. Marcelino hakuwa mtu wa maneno, na Balbina alikuwa na maneno ya kuwatosha wote wawili. Wakaoana, wakajaliwa mtoto mmoja, Jane, ambaye alikua, akasoma ualimu, akaolewa Songea.

Katikati ya miaka ya tisini wafanyakazi wakaanza kupunguzwa, na Marcelino akapunguzwa pamoja nao. Kwa kiinua mgongo chake alijenga nyumba ndogo Mlabani, pale Ifakara, na kilichobaki akaenda nacho Dar es Salaam, akarudi na Carina nyeupe iliyotumika Japani. Akaifanya teksi. Siku za treni alikaa stesheni akisubiri abiria. Siku nyingine aliwapeleka wagonjwa hospitali. Na Jumapili moja moja, baada ya misa, Balbina alikaa kiti cha mbele kushoto, akaweka kikapu mapajani, wakaenda Mbingu kumwona mama yake, Mama Marsiana.

Walikuwa wanarudi kutoka huko siku ilipotokea. Ulikuwa mwaka wa tisini na nane, mvua zile kubwa zimeshakatika na barabara imebaki mashimo matupu. Jua lilikuwa bado juu. Balbina alikuwa akieleza jinsi paa la mama yake linavyovuja, na kwamba kaka yake Raimundi ameahidi mabati tangu mwaka juzi, na kwamba safari hii atamwambia wazi wazi bila kumung'unya. Wakaingia kwenye kona. Katikati ya kona palikuwa na lori la mbao, limekatika ekseli, limeachwa pale pale njiani. Hakuna aliyetandika hata matawi ya kuwatahadharisha watu.

Marcelino alikata usukani kulia. Gari likaitika, lakini si lote. Upande wa kushoto ukaingia chini ya mkia wa lori. Alichokikumbuka baadaye ni mlio, kama bunduki imefyatuliwa mapajani mwake, halafu weupe, halafu kimya. Balbina alikuwa amekata maneno yake katikati.

Watu waliotoka mashambani kwa baiskeli walimkuta Marcelino amesimama barabarani, anawatazama kama hawaoni. Hakuwa na jeraha, isipokuwa michubuko kidevuni na mikononi. Lakini uso wake wote ulikuwa mweupe, umepakwa unga, na unga ule ulikuwa kwenye nyusi na kifuani kwenye shati. Mwanamke mmoja akauliza kwa sauti ya chini, "Mbona amejipaka unga?"

Swali hilo lilifika Mbingu kabla ya maiti.

Msibani, kabla ya kwenda makaburini, Raimundi alisimama mbele ya watu. Macho yalikuwa mekundu kwa kulia. "Gari limekula dada yangu," alisema, "na mwenye gari hana hata kidonda. Na ule unga aliokutwa nao usoni, kuna asiyejua ni wa nini?" Wazee wakamwambia akae chini. Akakaa, lakini neno lilikuwa limeshatoka. Marcelino alipomwendea mama mkwe wake na kusema, "Shikamoo, mama," Mama Marsiana aligeuzia uso ukutani. Hakusema marahaba.

Angesema nini Marcelino? Hata yeye hakujua unga ule ulitoka wapi. Aliunawa hospitalini, kwenye bomba la uani, akauona ukiondoka na maji. Ndani ya gari palikuwa na mpunga na kuku wawili, unga haukuwapo. Usiku alilala akijiuliza, na asubuhi aliamka na swali lile lile. Siku nyingine alifika mahali pa kujitilia shaka mwenyewe, kana kwamba kuna jambo alilifanya na kulisahau.

Jane alikaa naye mpaka arobaini ilipokwisha. "Baba, twende Songea," alisema. "Utakaa hapa na nani?"

"Na nyumba itakaa na nani?" Marcelino akamjibu. Jane akalia, akaondoka.

Carina ilikokotwa hadi uani kwake, ikafunikwa turubai. Watu wa Mlabani hawakumfanyia ubaya wowote, hilo lazima lisemwe. Walimwamkia. Lakini walimwamkia wakiwa wanatembea. Mama wa nyumba ya pili, ambaye kila siku alikuwa akituma mtu kuazima kinu cha Balbina, alinunua kinu chake. Kanisani, padri aliposema watu watakiane amani, mikono iliyomfikia Marcelino iligusa vidole tu na kuondoka upesi. Kilabuni alikwenda mara moja; mazungumzo yakakatika alipoingia, yakaanza tena habari za mpira ambao hakuna aliyekuwa akiujadili kabla. Akanywa haraka, akaaga. Kutoka hapo akazoea kuacha redio imewashwa mchana kutwa, hata anapokwenda kwenye shamba lake la mpunga Katindiuka, ili akirudi akute sauti ya mtu ndani.

Yakapita masika mengine. Ndipo siku moja akaja Nassib.

Nassib alikuwa fundi umeme wa magari, mtoto wa mfanyakazi wa miwa, aliyejifunzia kazi kwenye magereji ya Dar es Salaam na kurudi Ifakara kufungua yake. Hakujua sana habari za msiba. Alichojua ni kwamba pana Carina imelala bure.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Karibu."

"Nimekuja kwa ajili ya gari. Ukikubali tulichinje, spea zake zinauzika vizuri. Injini hiyo haijaguswa."

Marcelino alifunua turubai, akasimama pembeni. Nassib alizunguka, akagonga gonga bodi, akafungua mlango wa dereva, akaketi. Akacheka kidogo, kicheko cha fundi aliyeona kitu anachokifahamu.

"Kumbe eabegi ilifyatuka!"

"Nini?"

"Eabegi, mzee. Mfuko wa hewa." Alishika kitambaa cheupe kilichokuwa kimening'inia katikati ya usukani, kile ambacho Marcelino alidhani ni ngozi ya usukani iliyochanika. "Hukujua kama gari lako linayo? Si imeandikwa hapa."

"Hizo herufi nilidhani ni za kampuni."

"Hapana. Ndani ya usukani mnakuwa na mfuko umekunjwa. Ukigonga kwa mbele unalipuka, unajaa upepo kufumba na kufumbua, unakupokea uso na kifua. Halafu unanywea, unabaki hivi." Alikivuta kitambaa ili kukionyesha, na unga mweupe ukamwagika kwenye suruali yake nyeusi. Akaupangusa bila kuujali.

"Na huo unga?" Marcelino aliuliza.

"Huu? Wanaupaka mle ndani ili mfuko usigandane ukikaa muda mrefu. Ukilipuka, unakurukia wote."

Marcelino aliketi chini, hapo hapo kwenye mchanga, mgongo umeegemea tairi. Nassib akadhani mzee amepatwa na kizunguzungu, akatoka garini haraka. Lakini Marcelino aliinua mkono kumzuia.

"Na upande ule?" alisema. "Upande wa abiria?"

"Upande ule hauna. Matoleo haya ni dereva peke yake."

Kisha Marcelino akasema kwamba gari halichinjwi. Analitaka lirudi barabarani, na mfuko wake ndani.

"Mzee, mfuko si lazima," Nassib alimwambia kwa upole. "Watu wanakata, wanaziba na sponji, wanaweka kifuniko, maisha yanaendelea. Gari linatembea bila huo."

"Nautaka."

Mwenyewe asingeweza kueleza vizuri kwa nini. Alichojua ni kwamba kwa mwaka mzima alikuwa ameishi na jambo lisilo na jina, na sasa lilikuwa na jina, lilikuwa na umbo, lilikuwa na waya na boliti. Alitaka kulishika kwa mikono yake.

Kazi ya bodi ilichukua miezi, kwa sababu ilikwenda kwa kadiri mpunga wa Katindiuka ulivyouzika. Mlango wa kushoto ulipatikana wa gari jingine, wa rangi ya fedha. Bodi iliponyooka, Marcelino akapanda treni kwenda Dar es Salaam. Nassib alimweleza vitu vitatu vya kutafuta: mfuko wenyewe, utepe wa waya unaojizungusha ndani ya usukani, na kile kisanduku kinachoamua lini mfuko ulipuke, maana kikishaamua mara moja hakiaminiki tena.

Kwenye mtaa wa Gerezani alizunguka asubuhi nzima kwenye maduka ya spea za mtumba, mpaka akaelekezwa kwa mzee mmoja wa Kipemba aliyekuwa amekaa katikati ya milango na taa kama mtu aliye sebuleni kwake.

"Nnao," alisema yule mzee. Akautoa kutoka kwenye boksi, kifuniko cha usukani kimefungamana na mfuko nyuma yake, mzito kuliko Marcelino alivyotarajia. "Gari yake iligongwa nyuma. Ya mbele hayakuguswa, kwa hiyo huu haukuwahi kuamka."

"Na mwenye gari?"

"Mwenye gari simjui, ndugu yangu. Gari zinakuja zimeshakatwa vipande."

Marcelino aliugeuza mikononi, akamrudishia. "Ninataka na wa abiria."

"Carina ya mwaka gani?" Akamtajia. Mzee akatikisa kichwa. "Utauweka wapi? Dashibodi yako haina nafasi yake. Haina waya. Mwenye kuitengeneza hakuupangia mahali."

"Hata fundi mzuri hawezi kuuweka?"

Labda ilikuwa sauti yake, au namna alivyoliuliza, maana mzee yule aliacha kufunga boksi akamtazama. "Hawezi," alisema taratibu. "Hakuna anayeweza. Ulikuwa na mtu upande ule?"

"Mke wangu."

"Poleni sana." Akamalizia kufunga boksi kwa kamba, akaongeza fundo jingine juu ya la kwanza. "Ubebe uso wake uangalie juu. Usiuweke penye moto."

Njia nzima ya kurudi Marcelino aliubeba mapajani. Abiria wa jirani alimwuliza ni kitu gani hicho anachokishika kama mtoto mchanga. Akasema, "Spea ya gari." Yule akageukia dirishani.

Siku ya kufunga, Nassib alichomoa kwanza waya wa betri, akasema wasubiri, kwa sababu umeme hukaa kwenye kile kisanduku hata betri ikiwa imekatwa. Wakanywa chai. Kisha akalegeza boliti nyuma ya usukani, akachomoa plagi ya njano, akatoa mfuko wa zamani mzima mzima. "Huu nautupa?"

"Nipe mimi," Marcelino alisema. Akaupokea na kuufunga kwenye kanga.

Nassib akabadilisha utepe, akafunga kisanduku chini ya redio, akauweka mfuko mahali pake na kukaza. Kabla ya kurudisha betri alimwambia Marcelino asimame mbali, asiwepo mtu kitini. Mwenyewe aliingiza mkono dirishani, akageuza ufunguo. Kwenye dashibodi ikawaka taa nyekundu. Wakaitazama. Haikuzimika, ikaanza kukonyeza.

"Haijaukubali," Nassib alisema. Akakata betri tena, wakasubiri tena, akafungua tena. Plagi ya njano ilikuwa haijaingia mpaka mwisho. Akaisukuma mpaka ikalia tiki. Safari hii taa iliwaka, ikakaa kidogo, ikazimika, na dashibodi ikatulia. Nassib akapiga kofi kwa furaha. Marcelino akashukuru, akaweka mkono juu ya usukani, akauondoa.

Jumapili iliyofuata aliendesha peke yake kwenda Mbingu. Kwenye kona ile alipunguza mwendo mpaka karibu kusimama. Lori halikuwapo, majani yalikuwa yameota hadi ukingoni. Akapita.

Mama Marsiana alikuwa uani akipepeta mchele. Alipolitambua gari, ungo ulisimama mikononi mwake. Raimundi akatoka ndani, akasimama mlangoni amekunja mikono.

"Shikamoo, mama," Marcelino alisema akiwa mbali, kama inavyompasa mkwe.

Bibi hakujibu. Lakini hakugeuka.

Marcelino akachuchumaa pale pale. Maneno aliyoyapanga njiani yalikuwa yamepotea yote. Akafungua kanga, akautoa mfuko ulionywea, akautikisa mara moja mbele yake. Unga ukatoka, kidogo tu, ukaanguka kwenye udongo mwekundu wa ua ule. "Ndio huu, mama," alisema. "Ulikuwa ndani ya usukani. Ukigonga unalipuka, unamkinga dereva. Unga unakuwa humu. Mimi nilikuwa sijui. Ningejua, ningewaambieni siku ile."

Mama Marsiana aliweka ungo chini. Alikuja, akainama kwa shida, akagusa unga kwa kidole, akaunusa. Akaupapasa mfuko, akatia mkono ndani yake kama mtu anayetafuta kitu kilichosahauliwa mle.

"Kwa hiyo ni unga wa gari."

"Ndiyo, mama."

"Na upande wa mwanangu?"

"Upande wake haukuwekwa."

"Nani hakuweka?"

"Walioitengeneza."

Bibi alifikiri. "Walijua kwamba mtu atakaa pale?"

"Kiti waliweka," Marcelino alisema. Alilia pale, mbele ya mama mkwe wake, jambo ambalo mwanamume wa umri wake halifanyi, na ambalo hakulifanya hata makaburini. Bibi hakumbembeleza. Alikaa chini kwenye mkeka, mfuko uko mapajani mwake, naye akalia, kila mtu kilio chake.

Raimundi alishuka barazani akaenda kwenye gari. Alifungua mlango wa kulia, akatazama usukani. Akazunguka akafungua ule wa rangi ya fedha, akapitisha kiganja juu ya dashibodi, upande ambao hapakuwa na kitu, akakaa huko muda mrefu. Aliporudi, hakuomba msamaha wala hakutaja yale ya msibani. Alisema tu, "Tairi la nyuma limepungua upepo," akaenda kwa jirani kuazima pampu.

Mchana walimpa wali na perege. Alikula peke yake barazani, kama ilivyo heshima, na mlango wa ndani ukiwa wazi. Alipoaga, Mama Marsiana alisema, "Marahaba," kana kwamba salamu ya asubuhi ndiyo kwanza imemfikia. Mfuko hakuurudisha.

Baada ya hapo Marcelino alirudi stesheni. Ilichukua muda, lakini abiria walimrudia, kwa sababu Mbingu walikuwa wameanza kuieleza habari kwa namna nyingine, na treni ikishafika usiku na mizigo, mtu hachagui sana teksi. Jambo moja tu halikubadilika. Hakuruhusu mtu kukaa mbele. Hata gari likijaa, hata abiria akilalamika kwamba miguu yake ni mirefu, alisema, "Nyuma, tafadhali," akangoja na injini ikiwa kimya. Wengine walimwona mkorofi. Yeye hakueleza.

Mama Marsiana alipoanza kuugua macho, Raimundi alituma ujumbe, na Marcelino akaenda kumchukua ampeleke hospitali. Bibi akasogea kwenye mlango wa mbele, akashika kitasa.

"Nyuma, mama."

Aliachia kitasa, akaingia nyuma, akaketi katikati na kujifunga mtandio. Mkwe na mama mkwe hawana mazungumzo mengi, na barabara ilikuwa mbaya. Walikwenda hivyo mpaka Ifakara, yeye akitazama mbele, bibi akitazama mashamba ya mpunga asiyoyaona vizuri, na kati yao kiti kimoja kitupu.